Mtoto yuko kasho (mahabusu ya polisi) kwa sababu ya ulevi: maswali ya wazazi wa Lubumbashi

Kila polisi wanapofanya msako kule kwenye mitaa yetu ya Kenya au Katuba, kesho yake wamama wanatufikia na wasiwasi uleule. Mimi ni muuguzi. Mambo ya sheria nawaachia wenyewe, najibu yale ya mwili.

Ni lutuku (pombe kali ya kienyeji) na bangi zinazomfanya mtoto awe mwizi?

Si moja kwa moja. Mwaka 1985 Paul Goldstein, mtafiti wa uhalifu wa Marekani, alieleza kwamba dawa za kulevya na ukatili hukutana kwa njia tatu. Kileo kinapanda kichwani, mtu anapiga wenzake. Au mwili unadai na mfuko hauna kitu, basi anaiba. Au ni biashara yenyewe: madeni, kugombea mahali pa kuuzia, kulipizana kisasi. Yeye na wenzake walipochunguza mauaji ya New York ya mwaka 1988, karibu robo tatu ya yale yaliyohusiana na dawa yalitoka kwenye biashara.

New York si Kamalondo, na lutuku si kokeini. Lakini mama, angalia mwanao anapita njia ipi. Yule anayeuza simu ya dada yake asubuhi ili mikono iache kutetemeka ni mgonjwa, anahitaji munganga wa hospitali. Fimbo haiondoi mtetemeko huo.

Akikaa kasho siku chache, si ataacha mwenyewe?

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mtu aliyekunywa lutuku kila siku kwa miaka, ubongo wake umezoea kutulizwa na pombe. Ikikatwa ghafla, ubongo unachachamaa. Ndani ya saa 6 hadi 24 anatetemeka, anatoka jasho, anatapika. Kifafa mara nyingi kinakuja kabla siku 2 hazijaisha. Siku ya 2 au ya 3 anaweza kuona wadudu ukutani na kusema na watu wasiokuwepo, joto linapanda, moyo unakwenda mbio. Asipotibiwa anaweza kufa. Na anayemlinda, kama hajafundishwa, atadhani anajifanya wazimu au amelogwa.

Kwa hiyo unapompelekea chakula, usione haya. Mwambie mkubwa wa pale: "Komanda, uyu mutoto anakunywaka lutuku kila siku. Kama anatetemeka ao anaanguka, tafazali mumupeleke ku lopitalo." Huko watampa diazepamu, dawa ya kutuliza, na vitamini B1, na watamwangalia usiku na mchana. Si ugonjwa wa kutibiwa nyumbani kwa chai.

Anayevuta bangi tu atakosa usingizi, atakuwa mkali, chakula hakitapita. Inasumbua, ila kwa kawaida haiui.

Ametoka gereza la Kasapa baada ya miezi 6. Sasa ni salama?

Wiki 2 za kwanza mkae naye karibu. Akiwa gerezani bila dawa za kulevya, mwili umesahau kuzibeba. Akitoka akameza tramadoli (vidonge vikali vya maumivu) nyingi kama zamani, kipimo kilekile kinaweza kumuua. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 kuhusu waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki hizo 2 hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya watu wengine wa jimbo hilo. Namba hiyo ni ya kwao, lakini mwili wa mtu ni uleule.

Mkimkuta haamki, anapumua polepole au kwa kukoroma, midomo imegeuka rangi, mlazeni ubavu na mkimbie naye hospitali. Msimmiminie maziwa wala mafuta mdomoni, yataingia kwenye mapafu.

Na ile "bombé" ya Kinshasa?

Ilisikika sana mwaka 2021: unga unaosagwa kutoka kwenye kifaa cha ekzosi ya gari, ukachanganywa na vidonge. Ndani yake mna metali. Huo si wa kujaribiwa hata mara moja.

Tumpeleke wapi?

Akiwa katika hali ya hatari, hospitali iliyo karibu, au hospitali ya Sendwe. Kwa safari ndefu ya kuacha, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain hapa mjini. Aende na mtu anayemwamini, hata kama ni yaya yake (kaka au dada mkubwa) tu, na mbebe pakiti tupu ya vidonge mliyoikuta chini ya godoro. Hiyo pakiti inatuokolea muda mwingi.