Je, Wajua kwa Nini Miji Yetu Midogo Hurefuka Kama Kamba Kando ya Barabara?

Msafiri anayetoka Iringa kuelekea Tunduma kwa basi la mchana huona sura ileile ikijirudia katika senta nyingi anazopita, iwe Igawa, Chimala au Igurusi. Maduka yamejipanga mstari mmoja kila upande wa lami, yanaendelea hivyo mpaka macho yanachoka, na nyuma ya mstari huo, mwendo wa dakika mbili tu kwa mguu, mahindi yanaanza. Mji una urefu lakini hauna upana. Watu wengi hudhani sababu ni biashara, kwamba kila mwenye duka hufuata wateja wa barabarani, na hilo ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, tamaa ya wateja haielezi kwa nini ardhi iliyo nyuma ya duka, ambayo iko karibu zaidi na soko na stendi kuliko kiwanja kipya cha kilomita moja mbele, hubaki bila kujengwa kwa miaka mingi. Jibu la swali hilo limo katika namna shamba linavyokatwa.

Senta hizi huanza zikiwa vijiji, na ardhi yake husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Chukua familia yenye shamba la ekari nne linalogusa barabara kwa upande wake mfupi. Mzee akifariki, wanawe wanne hawatakubali mmoja apate upande wa lami na mwingine apate upande wa bondeni, kwa hiyo hulikata shamba kwa urefu, vipande vinne vyembamba, ili kila mtoto apate mlango wa barabarani. Baadaye kila mmoja wao huuza sehemu ya mbele kwa mfanyabiashara, kwa sababu ndiyo yenye bei, na mnunuzi hujenga fremu za maduka kutoka mpaka hadi mpaka bila kuacha hata upenyo wa mkokoteni. Siku fremu ya mwisho inapoezekwa, ardhi yote ya nyuma imefungwa: lori la mchanga haliwezi kuingia, na atakayeugua usiku atabebwa mgongoni mpaka lami. Anayefuata kutafuta kiwanja hawezi kwenda nyuma, hivyo husogea mbele kando ya barabara, na huko naye huwafungia wengine. Mji hurefuka kwa sababu umezibwa ubavuni.

Linganisha na Iringa. Wajerumani, baada ya kuiangusha ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, waliweka mji wao juu ya kilima, na mitaa ikapangwa kuzunguka boma na soko. Barabara kuu ya lami ya kwenda Zambia ilipokuja miongo mingi baadaye, ilipita chini, Ipogolo, mji ukiwa tayari umeshika umbo lake. Ndiyo maana mpaka leo mtu anayetoka Soko Kuu la Iringa anaweza kukata kona upande wowote na kukuta mtaa mwingine wenye maduka. Wakoloni hawakuwa na nia njema katika mipango hiyo. Mbeya, ambako majina ya Uzunguni, Uhindini na Majengo bado yanatumika, inaonyesha wazi kwamba ramani ya mji iligawa watu kwa rangi kabla ya kugawa shughuli. Lakini jambo moja la ufundi linabaki kuwa kweli: mtaa uliochorwa kabla ya nyumba hauhitaji kubomoa nyumba ya mtu.

Kuchora mtaa mapema ni kazi ambayo Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imeipa halmashauri, kwa kuifanya kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Afisa mipangomiji huandaa mchoro unaoonyesha barabara, viwanja vya makazi, vya biashara, vya taasisi na maeneo ya wazi. Mpima ardhi huja na kusimika bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Kisha ndipo viwanja hugawiwa, hati hutolewa na kibali cha ujenzi kuombwa. Katika senta nyingi mlolongo huu umegeuka: watu hununua kwa karatasi ya serikali ya kijiji, hujenga, na mchoro huja mwishoni kuhalalisha kilichokwisha kusimama.

Ucheleweshaji huo una gharama inayoonekana ukutani. Simama katikati ya barabara kuu, pale mstari mweupe unapopita, utembee pembeni hatua arobaini za mtu mzima. Hapo ndipo hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, inapoishia, kwa sababu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataka mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya sheria hiyo ilikuwa mita 22.5. Tofauti hiyo ya mita saba na nusu ndiyo iliyoleta alama za X za rangi mbili: nyekundu kwa jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani, ambalo mwenye nalo hubomoa bila kulipwa, na ya kijani kwa jengo lililokuwa halali mpaka sheria mpya ilipoongeza upana, ambalo mwenye nalo anastahili fidia. Nimeona duka la matofali ya kuchoma lenye X mbili, ya kijani ubavuni na nyekundu juu ya kizingiti, mwenye duka akiwa ameketi katikati yake akipima sukari. Mpango wa mji uliochorwa mapema ungemwonyesha mstari ule kabla hajamwita fundi.

Watu wengi huogopa mpango wa matumizi ya ardhi wakidhani ni amri ya kutenga nyumba na maduka. Kwa mji mdogo utengaji wa namna hiyo haufai, nami sioni sababu ya kuutetea. Mama anayeuza vitenge mbele na kuishi na wanawe nyuma hamdhuru jirani, na ndiyo maana michoro yetu ina kundi la matumizi linaloitwa makazi na biashara. Kinachopaswa kutengwa ni kile chenye madhara: mashine ya kupasua mbao isiwe dirishani pa darasa, gereji isimwage oili juu ya kisima, stendi ya malori isiwe mlangoni pa zahanati. Katika nyanda zetu za juu kuna jambo jingine ambalo michoro iliyonakiliwa kutoka kwingine hulisahau, nalo ni vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambako mboga hulimwa kiangazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mito na vyanzo vya maji ndani ya mita 60, na bonde likijazwa kifusi ili kupata viwanja, maji ya masika hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia sokoni.

Kwa senta ambayo bado ni changa, hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni kuchora barabara ya pili, inayokwenda sambamba na lami umbali wa viwanja viwili au vitatu, na kuiunganisha na lami kwa vichochoro vipana vya gari kupita. Soko na stendi vikiwekwa kwenye barabara hiyo ya pili badala ya kando ya lami, ardhi ya nyuma hupata bei, na watoto hawavuki mbele ya malori kila wanapotumwa chumvi. Kuichora ikiwa bado ni mahindi, wenye mashamba wengi hukubali, kwa kuwa kila mmoja huona kipande chake cha nyuma kikifunguka. Kuichora baada ya fremu kusimama ni suala la fidia, ambayo Sheria ya Ardhi inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka, na senta nyingi hazina fedha hiyo.

Senta iliyokwisha kubanana ina njia ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima eneo lililokwisha kujengwa, ambapo majirani huketi na afisa mipangomiji na kila mmoja huachia kipande cha ukuta au mgomba wake ili njia ipatikane. Kazi hiyo huchukua vikao vingi, na huanza na kamba ya katani iliyofungwa kati ya vigingi viwili, mwenye nyumba akisimama upande mmoja na jirani yake upande wa pili, wakibishana juu ya nusu mita.