Chumba hakirefushwi na lenzi

Wengi tunaochora picha za ndani ya nyumba kwa kompyuta huamini lenzi pana (ya milimita chache, kama 18, inayoonyesha eneo kubwa) ndiyo inayoharibu mtazamo, yaani uwiano wa vitu vya karibu na vya mbali, na kwamba lenzi ya milimita 50 ndiyo dawa. Sivyo. Mtazamo huamuliwa na mahali kamera ilipo. Iache palepale, toa picha kwa milimita 18, kisha kwa 50. Kata sehemu ya katikati ya ile ya kwanza, uikuze: kochi na mlango ulio nyuma yake vina uwiano uleule. Kweli, pembeni vitu huvutika, lakini kosa kubwa ni kwamba lenzi pana hutushawishi kusogea karibu mno. Hapo kochi huvimba na ukuta wa mbali hukimbia. Rudi nyuma, hata kama ni kuficha kwenye programu ukuta unaoizuia kamera.

Kamera iwe kimo cha macho, kama mita 1.5 au 1.6. Halafu pima samani. Kiti cha kochi ni kama sentimita 45 kutoka sakafuni. Niliwahi kupakua mtandaoni modeli ya kochi lenye kiti cha 60, sebule nzima ikasinyaa, na mteja akauliza mbona dari limeshuka.