Hifadhidata ya video huanza na muda, si na faili

Wateja wanaofika katika ofisi yetu ndogo hapa Moshi kutaka hifadhidata, yaani mfumo wa kupanga na kutafuta rekodi zao za video, huanza karibu wote na swali la ukubwa: wanunue terabaiti ngapi, diski za aina gani, na seva ikae wapi. Mimi huwaomba kwanza waniambie ni swali gani wao wenyewe watakuwa wakiiuliza hifadhidata kila siku. Msimamizi mmoja wa wapiga video wanaofuatana na wageni Mlima Kilimanjaro alinijibu hivi: “Nikiandika Barafu, nataka nioneshwe pale mgeni anapoingia kambini, nisiletewe siku nzima ya kutembea.” Barafu ni moja ya kambi za huko, na katika jibu hilo fupi usanifu wote ulikuwa umeshakaa, kwa sababu kitu alichokuwa akikitafuta hakikuwa faili bali sekunde chache ndani ya faili, na hifadhidata isiyozitambua sekunde hizo haiwezi kumsaidia hata ikijengewa diski za thamani kiasi gani.

Faili yenyewe ni kitu kisichotegemeka. Kamera nyingi za video huyapa mafaili majina ya namba, 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea, na kadi ikishafutwa baadhi yake huanza kuhesabu upya. Kadi zilizoandaliwa kwa mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32 haziwezi kubeba faili inayofikia gigabaiti 4, kwa hiyo kamera hulazimika kuikata rekodi ndefu katikati, wakati mwingine katikati ya sentensi ya mzungumzaji. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kosa la kulitumia jina la faili kuwa ufunguo mkuu wa jedwali, yaani kitambulisho cha kila rekodi, na matokeo yake rekodi ya mafunzo ya kilimo cha migomba ilifunikwa na rekodi ya safari ya mlimani kwa kuwa zote mbili zilijulikana kama 00003. Siku hizi kila faili hutambuliwa kwa alama ya SHA-256 inayokokotolewa kutoka katika maudhui yake yote, yenye tarakimu 64, na jina la kamera hubaki kuwa maelezo ya pembeni tu. Faili ileile ikiletwa mara mbili kwa majina tofauti, alama huwa moja na mfumo hugundua papo hapo.

Kutokana na hilo majedwali yangu makuu ni matatu. La kwanza ni la kazi, yaani safari moja ya mlimani au somo moja la shambani kama watu wanavyolifahamu. La pili ni la mafaili, likionesha kila faili ni ya kazi gani, inashika nafasi ya ngapi katika mfuatano, ina alama gani na imehifadhiwa wapi. La tatu, ambalo ndilo moyo wa mfumo, ni la matukio: kila safu yake, yaani kila mstari, husema kuanzia hapa mpaka hapa, ndani ya kazi fulani, jambo fulani linaonekana au linasikika. Video yenyewe haikai ndani ya majedwali. Saa moja ya picha za 1920 kwa 1080 iliyobanwa kwa megabiti 8 kwa sekunde ni gigabaiti 3.6, ilhali thamani moja ndani ya jedwali la PostgreSQL, programu ya hifadhidata ninayoitumia, haiwezi kuzidi gigabaiti 1. Hata kama ingeruhusiwa, nakala ya akiba ya hifadhidata inayopaswa kuchukua dakika chache ingekuwa kazi ya usiku kucha.

Muda ndio unaonipa kazi kuliko vyote, na ndiko ninakoona wasanifu wengi wakiteleza. Kamera zinazorekodi kwa kiwango tulichozoea huku hutoa fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, 25 kwa sekunde, lakini wageni huja na kamera za soko la Marekani zinazoandikwa 30 wakati kiwango chake halisi ni 30000 gawanya kwa 1001, yaani takriban 29.97. Tofauti hiyo huonekana ndogo mno mpaka saa moja ipite: mfumo uliohesabu kwa 30 kamili huwa umekosea fremu 108, ambazo ni sekunde 3.6, na mgeni aliyekuwa akiingia kambini huwa ameshaingia hemani. Kwa sababu hiyo mahali pa tukio huhifadhiwa kwa namba ya fremu, ambayo ni namba nzima, na kasi ya fremu huhifadhiwa kama sehemu ya hesabu yenye kiasi na asili yake, mfano 30000 juu ya 1001. Sekunde zenye desimali ninaziruhusu kwenye kioo cha mtumiaji tu.

Tukio linajumuisha fremu yake ya mwanzo na kuiacha ile ya mwisho, ili matukio mawili yanayofuatana yaguse bila kulaliana. Tukio moja linakutana na jingine endapo mwanzo wa kila moja unatangulia mwisho wa mwenzake, na sharti hilo fupi hujibu maswali kama “ni wapi mwongoza wageni anazungumza huku theluji ikionekana?” Mwanasayansi wa kompyuta James Allen alionesha mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vya muda vinaweza kuhusiana kwa namna 13, na nimeona kwamba kwa kazi ya video nne au tano kati ya hizo zinatosha. PostgreSQL ina aina ya data ya masafa, yaani kutoka namba hii mpaka ile, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, pamoja na faharisi, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji, inayoyapanga masafa kwa jinsi yanavyokaribiana, kwa hiyo utafutaji wa kulaliana haulazimiki kupitia safu moja baada ya nyingine.

Kuna muda mwingine pia, wa kalenda na saa ya ukutani, na huo una mtego wetu wenyewe. Kamera huandika 09:00, kijana anayejaza maelezo huandika saa 3:00 kama alivyofundishwa na mama yake, na kamera ya mgeni huwa bado inafuata saa ya kwao. Nimewahi kukuta alfajiri ya kileleni ikiwa imepangwa baada ya chakula cha jioni. Siku hizi muda wote huhifadhiwa kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na fomu ya kujazia humtaka mtu achague asubuhi, mchana, jioni au usiku kabla ya kuandika namba.

Tukirudi kwa yule msimamizi na neno lake, Barafu ni kambi iliyo juu ya mita 4,600, na barafu ni kitu kinachoonekana kileleni hata kwa mtu ambaye hakupita kambini hapo. Neno panda linasumbua zaidi, kwa kuwa hifadhidata hiyohiyo ina wageni wanaopanda mlima na wakulima wanaopanda migomba. Injini nyingi za utafutaji zilitengenezwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno, hivyo hukata mikia na kuviacha vichwa, wakati sisi tunasema anapanda, walipopanda, hawajapanda, na mzizi umefichwa nyuma ya viambishi. Nilijaribu faharisi inayolikata neno katika herufi tatutatu. Ilizipata aina zote za kupanda, ila iliniletea pia vitanda vya vibanda vya Mandara, ambavyo kwa herufi havikuwa mbali. Suluhisho lililodumu ni jedwali la istilahi, ambamo Barafu ya mahali na barafu ya kitu zina namba mbili tofauti, na kupanda mlima na kupanda mche vivyo hivyo. Mjazaji huchagua namba, na herufi tatutatu hutumika kumpendekezea tu. Ni kazi ya mikono, nami sioni aibu kusema hivyo.

Jedwali la matukio ndilo pia linalobeba idhini. Mpagazi anaweza kukubali kuonekana akiimba na kukataa kuonekana akiumwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatupa sababu ya kulichukulia jambo hilo kwa uzito, kwa hiyo ruhusa hufungwa kwenye tukio na si kwenye faili nzima.

Kufikisha video kwa mtazamaji kunakuwa rahisi ikiwa hayo yamekaa sawa. Faili ya MP4 ina sehemu inayoeleza kila fremu iko wapi, na kamera huiandika mwishoni kwa kuwa mpaka pale ndipo inapojua idadi. Isipohamishiwa mbele, mtu mwenye bando dogo anaweza kusubiri bila kuona chochote. Sisi huandaa viwango kadhaa vya ubora na kukata kila kimoja katika vipande vya sekunde 6, kila kipande kikianza na fremu inayojitegemea. Mahali pa vipande hapahifadhiwi, kwa kuwa panakokotoleka. Msimamizi anapobofya tukio la Barafu linaloanza sekunde ya 4,387, mfumo hugawanya kwa 6 na kuanza na kipande namba 731, kwa hesabu inayoanzia sifuri, ambacho mwanzo wake ni sekunde ya 4,386. Kwa kiwango cha kilobiti 800 kwa sekunde kipande hicho ni kilobaiti 600, na simu yake haigusi saa nyingine zote za kutembea.