Mapambo ya Maleba Yasiyo na Ukatili kwa Wanyama: Maana na Mipaka ya Dhana

Mapambo ya maleba yasiyo na ukatili ni vitu ambavyo mwigizaji, mcheza ngoma au mwimbaji huvaa au hushika pamoja na vazi lake jukwaani, kama vile taji, kinyago, mbawa, mkia, mkufu, upepeo na kope za bandia, na ambavyo vimetengenezwa pasipo mnyama yeyote kuuawa, kuumizwa au kufugwa katika mateso kwa ajili hiyo. Maana hiyo inaeleweka kwa urahisi. Ugumu huanza pale fundi anapotakiwa kueleza hesabu ya mateso inaanzia wapi: kwenye manyoya yanayoonekana na watazamaji, kwenye gundi iliyoyashika, au kwenye maabara ambako rangi ya usoni ilijaribiwa kabla haijafika dukani.

Dhana hii ilipata umaarufu kwanza katika vipodozi, na huko maana yake ilikuwa finyu. Bidhaa ilihesabiwa kuwa haina ukatili iwapo haikujaribiwa kwa wanyama, mathalani kwa sungura waliotiwa kemikali machoni katika jaribio la Draize, lililobuniwa mwaka 1944. Mwaka 1996 mashirika ya kutetea wanyama ya Marekani na Kanada yaliungana kuanzisha nembo moja ya vipodozi, Leaping Bunny, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku majaribio hayo kwa awamu, hadi mwaka 2013 ulipozuia hata uuzaji wa vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba rangi ya mdomo yenye nembo ya namna hiyo inaweza bado kuwa na wekundu wa kochinili, ambao hupatikana kwa kukausha na kusaga wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate. Haikujaribiwa kwa mnyama, lakini imetoka kwa mnyama. Kwa hiyo katika karakana ya maleba maswali mawili hayana budi kuulizwa mbalimbali: kitu hiki kimetokana na nini, na kilipitia nini kabla ya kunifikia? Anayeridhika na nembo peke yake amejibu swali la pili, tena kwa upande wa vipodozi tu.

Jukwaa lina hali yake, na hali hiyo inampa fundi nafasi kubwa kuliko aliyo nayo mshonaji wa nguo za kawaida. Mtazamaji wa safu ya mbele yuko mita kadhaa kutoka kwa mwigizaji, na wa safu ya nyuma yuko mbali zaidi. Taa hufuta maelezo madogo na kukuza mng'ao, kivuli na mwendo. Kinachomfikia mtazamaji ni jinsi unyoya unavyotikisika mwigizaji anapogeuza shingo, jinsi joho linavyoburuta kwa uzito, na jinsi pembe inavyoshika mwanga upande mmoja. Ubora wa pambo la jukwaani, kwa hiyo, hupimwa kwa tabia ya kitu wakati kinapotembea, wala asili yake haiongezi chochote machoni mwa aliyekaa kitini. Mbunifu anayesisitiza kwamba mfalme wa kuigiza, aliyekalia kiti cha mbao kilichopakwa rangi ya dhahabu, lazima avae manyoya halisi ya chui, anadai uhalisi mahali ambapo kila kitu kingine ni cha kubuni. Mimi sioni hoja ya sanaa hapo.

Manyoya ya ndege yanastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yaliyoamsha mjadala huu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 biashara ya manyoya ya kofia na mapambo iliwamaliza ndege wengi, hasa yangeyange, ambao manyoya yao mazuri zaidi huota msimu wa kuzaliana. Aliyewinda wakati huo aliua ndege mzazi na kuyaacha makinda yafe njaa. Mwaka 1889, huko Manchester, Emily Williamson alianzisha chama cha wanawake walioahidi kutovaa manyoya ya aina hiyo, chama ambacho ndicho chimbuko la shirika kubwa la kuhifadhi ndege la Uingereza hadi leo, na mwaka 1921 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya ya ndege wengi wa porini. Sheria hiyo haikuwagusa mbuni. Siku hizi skafu na pepeo nyingi za jukwaani hutengenezwa kwa manyoya ya mbuni, bata mzinga na kuku, ndege wanaofugwa, na swali limehama kutoka kutoweka kwa jamii ya ndege hadi namna ndege mmoja mmoja anavyotendewa: kama alichinjwa, kama manyoya yake yalikatwa juu ya ngozi, au kama alinyonyolewa akiwa hai. Unyoya uliotiwa rangi ya zambarau na kufungwa kwenye karatasi ya nailoni hauonyeshi lolote kati ya hayo.

Unyoya wa kutengenezwa kwa mkono hauhitaji mashine. Oganza ya poliesta, yaani kitambaa chepesi kinachopenyeza mwanga, hukatwa kwa mshazari katika umbo la jani refu, na katikati yake hubandikwa waya mwembamba kwa mstari mmoja wa gundi nyeupe ya maji. Gundi ikishakauka, nyuzi huchomolewa taratibu kwa sindano kuanzia ukingoni kuelekea kwenye waya. Kwa kuwa kitambaa kimekatwa mshazari, kila upande una nyuzi zinazoelekea juu na nyingine zinazoelekea chini, na fundi huondoa zile za chini tu. Upande mmoja zitakuwa za mtande, yaani zinazofuata urefu wa kitambaa, na upande wa pili za mshindio, yaani zinazofuata upana wake. Zinazobaki husimama kwa mshazari pande zote mbili za uti, kama zilivyo nyuzi za unyoya wenyewe. Akichanganya pande na kuvuta mtande kote, nusu moja ya unyoya itainama kinyume, na kosa hilo huonekana hata kutoka safu ya mwisho. Waya nao uwe wa nyuzi mbili zilizosokotwa kwenye shina na wa uzi mmoja kuelekea nchani, la sivyo ncha haitatikisika na pambo litaonekana limekufa. Kazi hii huchukua muda, nami singemshauri mtu kutengeneza skafu nzima kwa njia hiyo. Kwa taji lenye manyoya saba au manane yanayoonekana wazi, inalipa. Zaidi ya hayo, nondo wa nguo hawali poliesta, ilhali buu wao hula manyoya, sufu na hariri yaliyowekwa stoo.

Kwa upande wa manyoya ya wanyama wenye ngozi laini, kama mbweha, sungura na minki (mnyama mdogo anayefugwa kwa ajili ya manyoya yake), tatizo kubwa ni udanganyifu wa lebo. Mtu angedhani kitu cha bei ndogo hakiwezi kuwa halisi. Dhana hiyo haina msingi, kwa maana vipande vidogo vya manyoya halisi mara nyingine hupatikana kwa bei inayokaribiana na ya bandia au chini yake. Mwezi Januari 2019 mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza ilitoa uamuzi dhidi ya wauzaji wawili waliotangaza bidhaa zenye vishada vya manyoya kuwa ni vya bandia wakati vilikuwa vya mnyama. Mojawapo ya bidhaa hizo ilikuwa utepe wa kichwani, yaani pambo la aina ileile inayonunuliwa kwa ajili ya maleba. Kuna uchunguzi ambao fundi anaweza kuufanya mezani. Atenganishe manyoya kwa vidole hadi shinani: akiona kitambaa kilichofumwa, ni ya bandia, akiona ngozi, ni ya mnyama. Iwapo bado ana shaka, anyofoe nywele chache, azishike kwa kibano juu ya sahani ya bati na kuziwasha mbali na kitambaa chochote. Nywele za mnyama hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Nyuzi za plastiki huyeyuka, hunuka plastiki na kuganda kama ushanga mgumu.

Vilivyojificha ni vingi kuliko vinavyoonekana, na hapa ndipo dhana inapompima fundi kweli. Lulu za bandia, ambazo wengi huzinunua kwa moyo mweupe, kwa karne kadhaa zilipata mng'ao wake kutokana na rangi iliyotolewa kwenye magamba ya samaki, na mng'ao wa asili hiyo ungalipo sokoni. Puleki za miaka ya 1930 zilitengenezwa mara nyingi kwa jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa, na zilikuwa na kasoro ya kuyeyuka zikipata maji au joto kali. Za leo ni za plastiki, lakini mtu anayenunua maleba ya zamani atazikuta. Vanishi ya shelaki inayong'arisha vito vya kuigiza hutokana na utomvu wa wadudu. Gundi ya seremala ya kuchemsha hutokana na ngozi na mifupa, ingawa gundi nyeupe ya maji na ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa bastola ya umeme kwa kawaida hazina kitu cha mnyama. Ndevu za kubandika huenda zikawa sufu au singa za yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Kope za bandia za bei ya juu mara nyingi ni manyoya ya minki, na maelezo kwamba yalipatikana kwa kumsugua mnyama kwa brashi hayaelezi alifungiwa wapi. Hata satini, ambayo ni aina ya ufumaji tu, inaweza kuwa ya poliesta au ya hariri, na hariri ya kawaida hupatikana kwa kuua buu ndani ya kifukofuko kwa mvuke au maji moto ili uzi wake, wenye urefu wa mamia ya mita, usikatike.

Ngozi, pembe na kucha zina ufumbuzi rahisi zaidi. Sponji ngumu ya EVA, ile ile inayotengenezewa kandambili, hukatwa kwa kisu kikali, hupashwa hewa ya moto hadi ikubali kupindwa, huunganishwa kwa gundi ya viatu mahali penye hewa ya kutosha, kisha hupakwa gundi nyeupe mara kadhaa kabla ya rangi ya akriliki. Pembe ya namna hiyo ni nyepesi kiasi kwamba mcheza ngoma anaweza kuruka nayo bila kuumia shingo, faida ambayo pembe halisi haina. Vinyago hufanyika vizuri kwa karatasi iliyolowekwa ubandiko wa unga, mikia na singa kwa katani au miyaa, ujazo kwa sufi ya mti, vifungo kwa vifuu vya nazi.

Mipaka ya dhana hubishaniwa zaidi katika vitu vilivyokwisha kuwapo. Koti la manyoya la miaka mingi lililotolewa na mtu halisababishi kifo kipya, na wapo wanaolikubali kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu linaweza kukatwa likatumika, mradi halikununuliwa sokoni, kwani ununuzi hurudisha thamani kwenye bidhaa hiyo. Lakini kundi linalotangaza kwamba maleba yake hayana ukatili lisiliweke jukwaani pasipo maelezo, kwa kuwa mtazamaji hawezi kulitofautisha na jipya. Manyoya yaliyodondoka yenyewe ni halali kwa dhana, na tausi dume kwa hakika hupukutisha mkia wake kila mwaka. Hata hivyo, neno la muuzaji si ushahidi, na nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inazuia kumiliki manyoya ya ndege wengi wa porini hata kama yameokotwa chini. Hoja kwamba ngozi ni mabaki tu ya nyama ina ukweli nusu: mauzo ya ngozi ni sehemu ya mapato ya anayechinja.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine. Vitu vingi vinavyochukua nafasi ya mnyama ni plastiki, na manyoya ya akriliki hupoteza nyuzi ndogo mno kila yanapofuliwa, nazo huishia kwenye maji wanamoishi viumbe wengine. Jawabu la kweli ni kutengeneza vichache, kuvitunza na kuvirekebisha, na kuanza na nyuzi za mimea pale zinapofaa. Usalama nao una lake. Sufu na ngozi hazishiki moto upesi. Akriliki, katani na sufi ya mti hushika, na poliesta huyeyuka ikadondoka juu ya ngozi ya mvaaji. Anayeacha vitu vya wanyama anapaswa kuongeza hatua ya kutia dawa ya kuzuia moto, akijaribu kwanza kwenye kipande kidogo, kwa sababu dawa inayofaa pamba huenda isishike kwenye poliesta. Manyoya ya bandia na wigi za modakriliki, aina ya nyuzi za plastiki ambayo huzimika yenyewe moto ukiondolewa, ni chaguo bora panapokuwa na mishumaa jukwaani.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Ndani ya kila pambo hushonwa kipande kidogo cha utepe kilichoandikwa kwa wino usiofutika: kiini ni cha nini, kilichofunika ni nini, gundi gani, rangi gani, na dawa ya moto ilitiwa lini. Kisichojulikana huandikwa kwamba hakijulikani. Utepe huo humsaidia hasa mtu atakayerekebisha pambo hilo misimu kadhaa baadaye, unyoya mmoja utakapokuwa umepotea na droo ikiwa na manyoya ya kila aina yanayofanana, na fundi akiwa na dakika chache tu kabla ya pazia kufunguliwa.