Umahususi wa mazoezi: maana yake kwa anayefundisha kuruka chini

Umahususi ni kanuni isemayo kwamba mwili huimarika katika kile hasa unachofanyishwa. Anayekimbia kilomita kumi kila alfajiri atapata pumzi, lakini mguu wake hautajua kuruka chini, yaani kuja mbio na kuruka kwenda mbali kutoka kwenye ubao.

Ubao wa kurukia una upana wa sentimita 20, na mguu huukanyaga kwa takriban sekunde 0.12 tu, mrukaji akiwa katika kasi yake kubwa. Kuruka kwa kusimama, zoezi ambalo wengi huanzia na kuishia hapo, hujenga nguvu za miguu bila kumfundisha mtu kuigeuza kasi kuwa mruko. Mtazame mwanafunzi wa chuo aliyefundishwa hivyo: anakuja mbio, hatua tatu kabla ya ubao anainamisha macho, anakatakata hatua ili mguu uukute, na kasi yote inaishia hapo. Inauma, kwa sababu kijana ana nguvu za kutosha.

Wanafunzi wa vyuo huuliza kwa nini wasiruke kwa pembe ya digrii 45, kama hesabu za fizikia zinavyosema. Ili mtu apande hivyo, lazima aipoteze sehemu kubwa ya kasi. Warukaji wakubwa huondoka kwa digrii 20 hivi. Kasi ndiyo inayobeba: Carl Lewis, Mmarekani aliyetwaa dhahabu ya kuruka chini katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, alitwaa pia ya mbio za mita 100 katika michezo hiyohiyo.

Basi zoezi mahususi lazima liwe na mbio ndani yake. Anza na hatua sita, alama ya kuanzia ikipimwa kwa futikamba. Hatua ya kabla ya mwisho iwe ndefu kidogo, nyonga zishuke; ya mwisho iwe fupi na ya haraka, goti la mguu wa pili lipande, macho yatazame mbele. Akishazoea, ongeza hadi nane, kisha kumi. Hapo kanuni ya kuongeza mzigo kidogo kidogo inaingia yenyewe, maana kila hatua mbili huleta kasi ambayo mguu haujawahi kuibeba.

Idadi ya hatua isilingane kwa wote: mwenye mbio kali huhitaji njia ndefu zaidi kufikia kasi yake. Na akirudi kutoka likizo ya muhula, mrudishe kwenye hatua sita, hata kama aliondoka akiruka kwa kumi na sita.