Santuri za Zamani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayezirudia santuri zake baada ya miaka mingi hukuta nyimbo zikimsubiri, na pembeni yake hukuta rundo la maneno. Santuri ina sauti bora kuliko CD. Sindano ya almasi haiishi. Mikwaruzo ndiyo utamu wenyewe. Muziki wa leo si muziki. Mengi ya maneno haya husemwa kwa mapenzi, lakini baadhi yake huziharibu santuri zile zile zinazopendwa, na mengine humfanya msikilizaji asifie kisichokuwepo huku kilichopo kikimpita. Santuri haihitaji kutetewa kwa uongo. Sifa zake za kweli zinatosha.

"Santuri hubeba sauti nzima, CD hubeba vipande"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, basi tuikalie kidogo. Inasemwa kwamba mfuo wa santuri, yaani ule mtaro mwembamba ambamo sindano hupita, ni wimbi la sauti lisilokatika, ilhali CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kati ya kipimo na kipimo kuna pengo. Wengine huchora kabisa ngazi kuonyesha jinsi sauti ya kidijitali ilivyo na vidato. Lakini hisabati aliyoichapisha mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon mwaka 1949 inaonyesha kwamba wimbi likipimwa zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi), linaweza kurudishwa lilivyokuwa, bila pengo lolote. Vipimo 44,100 hutosheleza sauti za hadi hezi 22,000 hivi. Sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20,000, na umri unavyosonga kiwango hicho hushuka. Kinachotoka kwenye CD ni wimbi laini.

Ukilinganisha umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, CD hufikia takriban desibeli 96, na santuri iliyochapwa vizuri hufikia kama 70. Santuri ina mipaka mingine pia. Besi nzito ikisukumwa upande mmoja wa stereo inaweza kuirusha sindano nje ya mfuo, ndiyo maana fundi anayechonga mfuo huileta katikati. Herufi "s" kali za mwimbaji nazo humtoa jasho.

Kisha kuna suala la kasi, ambalo naliona la kuvutia kuliko yote. Santuri kubwa huzunguka mara 33⅓ kwa dakika tangu mwanzo wa upande hadi mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Mwanzoni, karibu nusu mita ya mfuo hupita chini ya sindano kila sekunde. Mwishoni, karibu na lebo, hupita sentimita 20 na ushei tu. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Hiyo ndiyo sababu wimbo wa mwisho wa upande huweza kuwa na ukungu kwenye sauti za juu, na ndiyo sababu mojawapo ya watayarishaji kupenda kuufunga upande kwa wimbo wa taratibu. Sikiliza tena albamu unayoipenda ukilijua hili, na mpangilio wa nyimbo zake utausikia upya.

Mbona basi santuri nyingi hupendeza kuliko CD ya albamu hiyo hiyo? Kwa sababu mara nyingi sauti iliyowekwa humo si moja. Kuanzia miaka ya 1990, CD nyingi zilitayarishwa kwa kuibana sauti ili kila wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani yake. Vilele vikakatwa, sehemu za utulivu zikapandishwa, ngoma zikapoteza pigo. Albamu nyingi za zamani zilipotolewa upya zikapitishwa njia hiyo hiyo. Nakala ya santuri iliyochongwa kabla ya mashindano hayo ilibaki na pumzi yake. Kwa hiyo anayesema santuri yake ina uhai kuliko CD yake huenda anasema kweli tupu. Sifa hiyo inamstahili fundi aliyeitayarisha sauti kabla ya kuifikia plastiki.

"Mikwaruzo ndiyo utamu wa zamani"

Hapa sikubali hata kidogo. Wahandisi wa miaka ya 1950 na 1960 walihangaika miaka mingi kuiondoa kelele hiyo, na moja ya sababu za vinili, plastiki ya santuri ndefu, kuishinda shelaki iliyoitangulia ilikuwa utulivu wake. Santuri safi, iliyochapwa vizuri na kutunzwa, inaweza kukaa kimya kati ya wimbo na wimbo kiasi kwamba unasahau sindano iko kazini. Kinachochakarisha ni vumbi, au umeme tuli, au mfuo uliochubuliwa. Mawili ya kwanza huondoka ukisafisha. La tatu halirekebishiki.

Siku hizi watayarishaji huiweka kelele hiyo kwa makusudi ndani ya nyimbo zilizotengenezwa kwa kompyuta, na wasikilizaji wengi vijana wamejifunza kwamba ndivyo santuri inavyosikika. Walioinunua ikiwa mpya walisikia kitu kingine kabisa.

"Almasi haiishi, na sindano nyepesi ndiyo salama"

Dhana mbili, na zote zinaua santuri. Almasi ni ngumu kuliko vinili, ni kweli, lakini inasuguliwa kwenye mifuo kwa kilomita nyingi, pamoja na vumbi lililomo. Sindano ya almasi kwa kawaida huhesabiwa saa 500 hadi 1,000 za kucheza, kutegemea umbo lake na usafi wa santuri. Ya yakuti huisha mapema zaidi. Ikishalika, ncha yake hupata kingo na kuanza kuchonga upya kuta za mfuo, na hapo sauti za juu ndizo huondoka kwanza. Gramafoni iliyokaa stoo miaka mingi isiwekewe santuri unayoithamini kabla sindano yake haijabadilishwa.

Uzito nao hueleweka kinyume. Mtu hulegeza mkono wa gramafoni hadi gramu moja akidhani anaionea huruma santuri. Ikiwa sindano hiyo imeundwa kwa gramu 2, ikiwekwa nyepesi mno haitulii kwenye mfuo. Inarukaruka kati ya kuta zake, na kila inapotua inagonga. Ule mpasuko unaousikia kwenye sauti kali ni sauti ya vinili ikiumia. Fuata kipimo cha mtengenezaji, na ukiwa na shaka egemea upande mzito wa kipimo hicho kuliko ule mwepesi.

"Santuri zote nyeusi ni moja"

Zinafanana kwa macho tu. Zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilizotawala nusu ya kwanza ya karne ya 20, nyingi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na mdudu, uliochanganywa na unga wa mawe. Huvunjika kama sahani, na upande mmoja hubeba dakika tatu hadi tano tu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu ya vinili ya mizunguko 33⅓, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande, na mwaka uliofuata RCA Victor ikajibu kwa ile ndogo ya mizunguko 45. Mfuo wa 78 ni mpana karibu mara tatu. Sindano ya santuri ndefu ikiwekwa humo huzama hadi chini na kuokota uchafu, na sindano ya 78 ikiwekwa kwenye santuri ndefu huupasua mfuo. Muhimu zaidi: usisafishe santuri ya shelaki kwa spiriti. Spiriti huiyeyusha shelaki, na uso wake hufa pale pale.

Kwa vinili, maji yaliyotoneshwa (distilled water) yenye sabuni laini kidogo sana, kitambaa laini, na mkono unaofuata mzunguko wa mifuo vinatosha. Kusugua kwa pindo la shati huusogeza tu uchafu, na huongeza umeme tuli. Ziwekwe zimesimama wima, mbali na jua. Zikirundikwa zimelala, za chini hubeba uzito wa zote.

Na ile imani kwamba santuri nzito ya gramu 180 ina sauti bora? Mfuo uko juujuu, kina chake ni sehemu ndogo sana ya unene wa santuri. Uzito unaweza kusaidia santuri isijikunje, lakini wimbo haujui umebebwa na gramu ngapi.

"Hii santuri haina besi"

Lawama hii mara nyingi huangukia santuri isiyo na kosa. Fundi anapochonga, hupunguza besi na kuongeza sauti za juu kwa kufuata mkondo (kanuni ya kila sauti ipunguzwe au iongezwe kiasi gani) uliokubaliwa katikati ya miaka ya 1950, kwa sababu besi kamili ingedai mifuo mipana mno na upande ungeisha mapema. Amplifaya yenye tundu la gramafoni huugeuza mkondo huo na kurudisha kila kitu mahali pake. Ukiichomeka gramafoni kwenye tundu la kawaida, bila kifaa cha kufanya kazi hiyo, utasikia sauti nyembamba, ndogo, inayokereketa. Watu wameuza makusanyo mazima kwa sababu ya waya mmoja.

"Ya kwanza kuchapwa ndiyo sauti halisi"

Wakusanyaji huitafuta nakala ya kwanza, na mara nyingi wana hoja nzito. Kanda kuu, ile ya studio ambayo santuri huchongwa kutoka kwake, ilikuwa mpya siku hiyo. Kanda huzeeka, na baadhi ya zile za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hulainika na kunata hadi hulazimika kuokwa kwa joto la chini kabla ya kuchezwa. Toleo la leo la santuri huenda limechongwa kutoka nakala ya nakala.

Hata hivyo "ya kwanza" haina maana ya "sahihi". Mfano ninaoupenda ni albamu ya mpiga tarumbeta wa jazz Miles Davis, *Kind of Blue*, ya mwaka 1959. Mashine iliyorekodi kikao cha kwanza ilikuwa ikizunguka polepole kidogo, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwa kasi ya kawaida vipande vitatu vya upande wa kwanza vilitoka juu kidogo ya sauti walizopiga wanamuziki. Dunia iliusikiliza upande huo hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi ulipotolewa ukiwa umerekebishwa mwaka 1992. Aliyeikariri albamu hiyo kwa nakala ya awali hata leo huweza kuhisi toleo sahihi limezubaa.

Pia usikubali kila tangazo la "analogi tupu tangu mwanzo hadi mwisho", yaani bila hatua yoyote ya kidijitali. Kampuni ya Denon ya Japani ilikuwa ikirekodi kidijitali tangu mwaka 1972, na mwaka 1979 mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder alitoa albamu ya muziki wa pop iliyorekodiwa kidijitali, ikauzwa kwenye santuri kama nyingine zote. Kuna wanaoziweka santuri za aina hiyo mbele kama ushahidi dhidi ya sauti ya kidijitali, bila kujua wanachosikiliza.

"Muziki wa zamani ulikuwa bora"

Ninazipenda zilipendwa kwa moyo wote, na bado sisemi hivi. Kilichotufikia ni kilichochujwa. Kila mwaka wa zamani ulikuwa na nyimbo nyingi dhaifu, nazo zilisahaulika, hazikuchapwa tena, hakuna redio inayozirudia. Tunalinganisha lulu za miaka 40 na kila kinachotoka wiki hii. Zaidi ya hapo, wanasaikolojia wameonyesha kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya umri wake wa takriban miaka 10 hadi 30, na muziki wa kipindi hicho hufungamana na kumbukumbu hizo. Hilo haliupunguzii wimbo thamani. Linaeleza tu kwa nini watu wawili wenye masikio mazuri wanaweza kubishana hadi usiku wa manane juu ya muongo upi uliimba vizuri.

"Kila kitu kiko mtandaoni, santuri ya nini?"

Si kila kitu kiko huko, na kilichoko huenda si kile unachokijua. Wimbo uliotoka kwenye santuri ndogo mara nyingi ulikuwa umekatwa, au umechanganywa kwa mono (sauti ya njia moja, si mbili kama stereo) tofauti na ule wa albamu. Nyimbo nyingi za upande B hazijawahi kuhamishwa kabisa. Lebo zilikufa, kanda zikapotea, na santuri iliyo rafuni mwa mtu ikabaki kuwa rekodi pekee ya sauti ile.

Ukiwa na santuri kama hiyo, ihamishe wewe. Isafishe kwanza, weka sindano nzuri, rekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa sauti ya kidijitali), na uache vilele vya sauti na nafasi visije vikakatika. Hifadhi faili ghafi bila kuigusa, kisha fanya usafi wa kelele kwenye nakala, kwa kiasi, maana programu ya kuondoa kelele huondoka pia na mwangwi wa chumba na pumzi ya mwimbaji. Piga picha lebo za pande zote mbili. Na uinamishe santuri kwenye mwanga uandike herufi na namba zilizochongwa kwenye ile sehemu tupu kati ya mfuo wa mwisho na lebo. Hizo, kuliko mwaka ulioandikwa kwenye jalada, ndizo zitakazomwonyesha mwenzako mwenye nakala nyingine kama zilitoka kwenye mchongo mmoja.