BMU ni nini, na mafuta ya doria anayalipa nani?

Ukishuka kwenye mwalo wowote, yaani ufuko wa kushushia samaki, wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, neno "BMU" utalisikia kabla hujamwona afisa uvuvi. BMU wamekamata kokoro, wavu haramu wa kukokota. Mtumbwi mgeni uripoti kwa BMU. Herufi ni za Kiingereza, Beach Management Unit, lakini kwa Kiswahili cha serikali ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Wageni wengi hudhani wale ni watumishi wa serikali. Ni wavuvi, wachuuzi na mafundi wa mitumbwi wa mwalo uleule, waliochaguliwa na wenzao na kusajiliwa kisheria.

Wazo lililowazaa linaitwa usimamizi shirikishi. Ziwa lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake iko Tanzania, na mialo mingi iko visiwani. Afisa uvuvi mmoja anaweza kuwa na mialo kadhaa mikononi mwake, na pengine hana hata boti. Viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vikinunua kila kilichovuliwa, nyavu za matundu madogo zilizagaa, na wapo waliovua kwa sumu hadi Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hili mwaka 1999. Ndipo ilipoonekana wazi kuwa bila macho ya wanaoishi mwaloni hakuna ulinzi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 ikaruhusu Mkurugenzi wa Uvuvi kuingia makubaliano na vikundi hivi. Ndani ya miaka michache Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na BMU zaidi ya 1,000 kuzunguka ziwa.

Nani anakaa kwenye kamati? Mwongozo ambao nchi hizo tatu zilikubaliana kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, unataka wajumbe 9 hadi 15: asilimia 30 wenye mitumbwi, asilimia 30 mabaharia (wavuvi wanaofanya kazi kwenye mitumbwi ya wengine), asilimia 10 wachuuzi, waliobaki watoke kwenye kazi nyingine za mwaloni, na wanawake wasipungue watatu pale inapowezekana. Hesabu hii ina sababu nzito. Mwenye mtumbwi, ambaye mwaloni anaitwa tajiri, ndiye anayemkopesha baharia chakula na nauli. Kamati ikijaa matajiri, ni nani atasimama kusema nyavu za tajiri fulani ni haramu? Na akina mama wanaoanika dagaa, ambao hukosa riziki siku dagaa wakikosekana, wasipokuwemo, nani atawasemea?

Sasa fedha, na hapa ndipo dhana nzima inapopimwa. Afisa uvuvi ana mshahara. Mwenyekiti wa BMU hana. Taarifa ikija saa nane usiku kwamba kuna watu wanavuta kokoro nyuma ya kisiwa, mambo mawili yanahitajika papo hapo: injini na petroli. Kama dumu ni tupu, doria haipo. Kama tajiri mmoja amejitolea kulijaza, doria itapita mbali na nyavu zake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtu aliyeacha kuvua usiku ule ili alinde ziwa la wote anarudi alfajiri bila samaki na bila posho, na watoto nyumbani wanangoja.

Leseni za wavuvi na ushuru wa samaki huingia halmashauri. Mrahaba wa minofu inayouzwa nje huenda wizarani. BMU hubaki na michango ya wanachama, faini ndogo za sheria zake, na pale halmashauri ilipoipa kazi ya kukusanya ushuru, sehemu ya makusanyo hayo. Miaka ya mwanzo pengo lilizibwa na miradi ya Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na wavuvi haramu hawana.

Usimamizi wenyewe una njia mbili. Sera na sheria hutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ila afisa uvuvi wa wilaya anawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. BMU iko chini ya kijiji na inaongozwa kitaalamu na afisa huyo. Kenya, tangu katiba ya 2010, uvuvi umekuwa kazi ya kaunti. Uganda ilichukua njia nyingine kabisa: Rais Museveni alisimamisha BMU mwaka 2015, zikilaumiwa kwa rushwa na kufumbia macho uvuvi haramu, na mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani.

Ukaguzi ulio karibu zaidi na mvuvi, hata hivyo, ni mkutano mkuu wa wanachama. Siku hiyo mhazini husimama chini ya mti na daftari, akasoma: kilichoingia, mafuta lita ngapi, tarehe ipi, nani alitoka doria. Baharia asiyejua kusoma anaweza kunyoosha mkono na kuuliza: "Mbona usiku huo ziwa lilichafuka, hakuna mtumbwi uliotoka, na mafuta yameandikwa?"